Moshi wa Hiari

"Kwani gesi imeisha?"

Hilo ndilo swali la kwanza Mama aliloniuliza alipozunguka nyuma ya nyumba yangu, Kitengela, na kukutana na tanuri langu. Wiki tatu nilikuwa nangoja mtu aje alisifu. Nikamwambia gesi iko, mtungi wa kilo 13, na umejaa.

"Basi hiki ni cha nini?"

"Ni cha pizza, Mama."

Hakusema kitu. Ukimjua Mama, utajua kwamba hilo nalo ni jibu.

Wacha nieleze tanuri lenyewe, kwa sababu nililijenga kwa mikono yangu na bado najivunia. Chini ni msingi wa mawe. Juu ya mawe kuna chupa tupu zilizozikwa kwenye udongo ili joto lisipotelee chini, kisha sakafu ya matofali yanayostahimili moto. Juu ya sakafu unarundika mchanga wenye unyevu hadi upate umbo la kuba, unaufunika kwa magazeti yaliyoloweshwa, halafu unakandika udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Udongo ukishika, unauchimba ule mchanga wa ndani kupitia mlangoni, na kuba linabaki limesimama lenyewe. Urefu wa mlango unatakiwa uwe kama asilimia 63 ya urefu wa kuba kwa ndani. Ukizidi, joto linatoroka; ukipungua, moto unakosa hewa. Mwisho unaongeza tabaka la udongo na maranda, kisha unawasha mioto midogo siku kadhaa, maana ukikimbilia moto mkubwa siku ya kwanza, maji yaliyobaki ndani ya udongo yanageuka mvuke na kuba linapasuka.

Fundi aliyenisaidia kubeba mawe alilitazama, akaniuliza, "Boss, hii ni jiko ama ni kaburi?" Tukacheka. Gharama yote ilifika Sh38,000.

Na ndiyo, kuna sababu. Oveni ya kawaida ya nyumbani huishia nyuzi 250 hivi. Tanuri la kuni likishika vizuri hupita 400, na pizza inaiva kwa dakika mbili tu, ukingo ukiwa na yale madoa meusi ambayo watu hupiga picha. Niliyasema haya yote kwa Mama, pale pale uani. Alisikiliza kwa adabu, vile mtu husikiliza mtoto akieleza ndoto.

Kisha akasema, "Mimi nimekimbia moshi miaka arobaini. Wewe unaununua."

Sentensi hiyo ilinikaa kooni. Nililelewa Vihiga, katika nyumba iliyokuwa na jiko la mafiga matatu kwenye kibanda cha nje. Ukuta wa kibanda hicho ulikuwa mweusi na unang'aa kama umepakwa lami. Mama alikuwa akitoka humo macho mekundu, anakohoa, anatuambia chakula kiko tayari. Dada zangu ndio waliotumwa kuni. Mimi nilikuwa mvulana. Jikoni palikuwa mahali pa kupita nikichukua sahani. Nilipopata mshahara wa kwanza, nilimnunulia gesi, nikajiona nimemkomboa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na kadhalika, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Wengi wetu tunaisoma takwimu kama hiyo, tunaguna, tunaendelea. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwa hivyo swali langu ni hili: ni sawa mtu kufanya starehe kutokana na jambo ambalo mwingine analikimbia?

Niliwauliza marafiki. Mmoja akanijibu, "Bro, ni pizza tu." Mwingine akajaribu zaidi. Akasema tofauti ni hiari, na hiari inabadilisha kitu chenyewe. Anayelipa kuingia msitu wa Karura akimbie kilomita kumi, na anayetembea alfajiri kutoka Kibera hadi Industrial Area kwa sababu hana nauli, wote wanatumia miguu. Hatuwezi kumwambia wa kwanza aache kukimbia ati kwa sababu wa pili amechoka. Kufunga na kulala njaa si kitu kimoja, ingawa tumbo ni lile lile.

Nilipenda jibu hilo. Lilinipa ruhusa. Lakini majibu yanayonipa ruhusa haraka huwa nayashuku.

Kuna kijiji kidogo ndani ya bustani za Versailles, Ufaransa, ambacho Malkia Marie Antoinette alijengewa miaka ya 1780. Kina nyumba za kishamba, ziwa na shamba la mifugo, ili apumzike na mambo ya ikulu. Wakulima wa kweli hawakuwa mbali. Yeye pia alikuwa na hiari. Kinachoudhi katika hadithi ile si kwamba alipenda kuku na maziwa mabichi. Ni kwamba alichukua maisha ya watu na kuacha watu wenyewe nje ya lango.

Pizza yenyewe ina historia inayofanana. Kule Napoli, zamani, ilikuwa chakula cha maskini. Wengi waliishi kwenye vyumba visivyo na jiko la maana, wakanunua kipande mtaani na kukila wamesimama. Tanuri halikuwa lao. Leo mtu wa Kitengela anajijengea tanuri hilo uani kuonyesha kwamba amefika.

Basi Jumamosi hiyo niliwasha moto wageni wangu wafike. Ukawa moshi mtupu. Moshi ulivuka ukuta, jirani akafunga dirisha kwa kishindo. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anachambua managu. Alivumilia, kisha akainuka.

"Hizi kuni nani alikuuzia?"

"Aliniambia zimekauka."

"Ulizigonga?"

Sikuelewa. Akachukua vipande viwili, akavigonganisha. Vikatoa sauti nzito, kama mtu amegonga gunia. Akaenda kwenye pembe ambapo mabaki ya mbao za ujenzi yalikuwa, akagonganisha mengine. Yakalia kwa sauti kali, kavu. "Umesikia?" Akaomba shoka. Akapasua vibanzi vyembamba, akatoa nusu ya kuni nilizosokomeza, akapanga zilizobaki huku akiacha nafasi katikati. Kwa muda mfupi moshi ulikuwa umeisha na moto unalamba kuba.

Nilikuwa nimetazama video za saa kumi na kitu kutoka kwa wanaume wa nchi za mbali ili nijifunze moto. Mtu aliyeupika moto miaka arobaini alinizaa, na sikuwahi kumuuliza lolote. Kila nilipofikiria kibanda kile, nilimwona mwanamke anayeteseka. Sikumwona fundi. Nilimhurumia hadi nikasahau kumheshimu.

Nikamwambia hivyo, kwa maneno machache. Nilidhani atafurahi.

"Usinisifu sana," akasema. "Dada yako mkubwa aliacha kuenda shule siku za kuni. Hiyo pia uiandike."

Nimeiandika. Na sasa nadhani kosa langu halikuwa tanuri. Kosa lilikuwa kufikiri kwamba hiari inafuta deni. Haifuti. Ukiwa na mlango wa kutoka na mwenzako hana, mlango huo unakudai mambo mawili: usiuite moto ule "maisha halisi" mbele ya mtu aliyeungua nao, na usaidie mlango wake ufunguke. Vinginevyo starehe yako ni mchezo wa kuigiza, na wahusika wa kweli hawakulipwa.

Kwangu deni hilo limekuwa sheria ndogo ya nyumbani. Sinunui mzigo wa kuni kabla sijamtumia Mama pesa za kujaza mtungi. Na kuni nazigonga kwanza, kwa sababu jirani hakuchagua moshi wangu.

Pizza ile Mama aliila, vipande viwili. Akasema ni chapati iliyomwagikiwa nyanya, na chumvi haitoshi. Siku hizi akinipigia simu Jumamosi hanisalimii kwanza.

"Umewasha?"

"Nimewasha, Mama."

"Moshi ni wa rangi gani?"

Natoka nje kuangalia, ndipo namjibu.