Suala Kutoka Bungoma: Haki ya Nyoka Aliyefungwa

Napenda wasomaji wetu wajue tangu mwanzo kuwa makala haya ni ya kurejea jawabu langu mwenyewe.

Miezi michache nyuma mtu mmoja wa Bungoma, ambaye asili yake ni ya kwetu pwani na baba yake ndiye aliyehamia bara kwa biashara ya nguo, alinipigia simu baada ya Isha. Mwanawe anasoma katika mji wa Leicester, Uingereza, naye amenunua chatu akamweka chumbani mwake ndani ya sanduku la kioo. Mama wa kijana amelia kwa khabari hiyo. Baba ameapa kuwa hatapeleka tena ada ya chuo maadamu nyoka yumo nyumbani. "Sheikh, sharia yasemaje?" Nami, bila ya kuuliza neno la pili, nikamjibu: "Mwambie amtoe." Kisha nikalala nimeridhika.

Katika Shaabani nilikwenda Bungoma kusomesha, na yule bwana akanikaribisha kwake. Tulipokwisha kunywa kahawa alinipa simu yake nisome jawabu la mwanawe. Kijana ametanguliza salamu na adabu zote anazostahiki mzazi, kisha ameandika: "Baba, nimtoe nimpeleke wapi?" Kwani nje ni baridi ya Uingereza, na nyoka huyu hawezi kuishi humo, na kumwachilia mnyama wa kigeni nyikani ni kosa kwa sheria yao ya mwaka 1981, na aliyemuuzia amekataa kumrudisha. Nilisoma maneno yale mara mbili. Nilikuwa nimetoa hukumu juu ya kiumbe hai kama mtu anayeamuru kiti kitolewe barazani.

Wasomaji wetu wakitajiwa chatu humkumbuka yule mkubwa wa porini amezaye mbuzi. Huyu siye. Huyu ni chatu mdogo ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme, na nchi zake zaanzia Senegal, zikapita Ghana, Togo na Benin mpaka zikafika Uganda. Katika pori zetu za Kenya hayumo. Mkubwa wake hupata urefu wa mita moja, au moja na nusu. Hana sumu. Mchana hujificha katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na usiku hutoka kuwinda. Akiogopa hakimbilii kuuma, bali hujikunja akawa kama mpira, na kichwa chake akakificha katikati. Kwa tabia hiyo maelfu kwa maelfu yao wametolewa Togo, Benin na Ghana kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, na wengi wengine sasa huzaliwa huko huko ndani ya masanduku. Lau angekuwa mkali kama swila, pengine angeachwa shimoni mwake. Upole wake ndio uliomtia kifungoni.

Jioni ile niliitaja khabari hii katika darsa, na ndugu mmoja akasimama akasema: "Sheikh, nyoka ameruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu. Basi huyu mna shaka gani naye?" Hoja hii ina nguvu, na hapana budi kuijibu. Nyoka ameruhusiwa kuuawa kwa sababu ya madhara yake. Pamoja na hayo, nyoka wa majumbani katika Madina Mtume aliagiza waonywe siku tatu kabla ya kuuawa. Na katika kuua kwenyewe tumeamrishwa wema, mpaka kisu kinolewe ili mnyama asiteseke. Basi ruhusa ya kumuua nyoka anayekukabili mlangoni si ruhusa ya kumfungia mwingine ndani ya kioo, kisha ukamchoka, ukamtupa barazani usiku wa baridi afe kidogo kidogo.

Mzee mmoja Mbukusu, jirani wa msikiti, alikuwa amekaa nasi akisikiliza. Akatukumbusha khabari ya babu yao Mango, aliyemuua joka lililokuwa likiangamiza watu na mifugo, na baada ya ushujaa huo akatahiriwa. Na ndio asili ya jando lao mpaka leo, ambalo hulifanya katika Agosti ya kila mwaka wa pili. Kisha akasema neno lililonipendeza: Mango alilifuata joka pangoni mwake kwa kuwa lilikuwa likiua watu, lakini hakuna asemaye kuwa alilifuga kwanza. Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, kwani mzee yule alikuwa ameigawa mas'ala mahali pake khasa.

Siku ya pili nilimwomba baba wa kijana twende Kitale, kwa njia ya Webuye na Kiminini, tukamwone chatu kwa macho yetu kabla ya kuzidi kusema. Jumba la makumbusho la Kitale lilianzia katika mkusanyo wa Mwingereza mmoja, Hugh Stoneham, aliyependa sana vipepeo, na serikali ikalifungua kwa watu wote mwaka 1974. Ndani ya uwanja wake mna mahali pa nyoka. Kitale ni mji wa juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka bahari, na asubuhi ile mwenzangu alivaa kabuti. Tukasimama mbele ya chatu mkubwa wa nchi hii, amelala kimya kama kamba ya jahazi. Mwenzangu alirudi nyuma hatua mbili, na mimi, sioni haya kusema, nilirudi tatu.

Mtumishi mmoja wa pale alikuwa na subira na masuala yetu. La kwanza la mwenzangu lilikuwa umri: huyu mdogo wa Afrika ya Magharibi huishi miaka mingapi? Akajibiwa kuwa akitunzwa vizuri huishi miaka ishirini, thalathini, na hata zaidi. "Basi nyoka huyu nitamrithi mimi!" akasema. Ilikuwa mzaha, lakini ndio kiini cha jambo. Baadaye nilisoma kuwa katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, mna chatu jike wa aina hii hii ambaye mwenyewe alimtoa kwa bustani mwaka 1961, na mwaka 2020 akataga mayai, umri wake ukikadiriwa kupita miaka 60. Aliyemnunua kwanza pengine alikuwa kijana mwenye hamu ya wiki moja. Ni watu wangapi miongoni mwetu wanaoweza kuahidi jambo kwa miaka sitini?

Basi tukauliza: mtu aliyekwisha kuwa naye anawajibika nini? Nitaeleza kwa urefu, kwani hapa ndipo nilipokuwa mjinga kabisa.

La kwanza ni kumwacha. Siku saba za mwanzo asiguswe, asishikwe, asionyeshwe wageni, wala asipewe chakula mpaka atulie. Mahali pake pawe na joto pande mbili kwa kiasi mbali mbali: upande mmoja wapata digrii 31 hadi 33, na wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe, kwani damu yake haina joto la nafsi yake. Kila upande uwe na kificho cha kumbana, maana mahali pa wazi kwake ni mahali pa khofu. Wengi humnunulia sanduku kubwa tupu wakidhani wamemfanyia wema, kumbe wamemweka uwanjani mwa adui. Joto lizuiliwe kwa chombo kinachoizima taa au mkeka wa moto lisipite kiasi, kwani nyoka hulala juu ya kitu kinachomchoma asijue kuondoka. Awe na maji safi daima, na hewa yenye unyevu, la sivyo gamba litavuka vipande vipande. Macho yakifanya ukungu, ni dalili kuwa yu karibu kujivua, naye asisumbuliwe.

Chakula chake ni panya. Na panya huyo apewe maiti, aliyegandishwa kisha akayeyushwa na kutiwa joto, kwa koleo ndefu. Panya hai akitiwa sandukuni humng'ata nyoka na kumjeruhi. Na hata yeye panya ana roho, si haki kumtia mahali asipoweza kukimbia ili watu watazame. Baada ya kula asishikwe siku mbili. Mdogo hulishwa kila wiki, mkubwa baada ya wiki mbili au zaidi. Na jambo la ajabu ni kuwa huweza kukataa chakula wiki nyingi, hata miezi, bila ya ugonjwa. Hapo dawa ni kutazama joto na kificho chake, kumpima uzito, na kusubiri. Akipungua uzito apelekwe kwa daktari wa wanyama ajuaye viumbe hivi.

Ama tohara, wasomaji wetu bila shaka watauliza. Katika madhehebu yetu ya Shafii kila mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe. Lakini panya maiti ni najisi, na kinyesi ni najisi, na nyoka hubeba vijidudu vya salmonela vinavyomwumiza mwanadamu. Mikono ioshwe, na vyombo vyake visikaribie jiko.

Nikarudi na mawazo haya kwa hukumu. Sisemi kuwa kufuga nyoka ni jambo zuri. Imam Nawawi katika Minhaj ameweka sharti ya manufaa katika kinachouzwa, na wadudu na mfano wao wasio na manufaa hawasihi kuuzwa. Na wanazuoni wetu hawakupenda mtu aweke nyumbani wanyama walioruhusiwa kuuawa. Kijana alikosea aliponunua, nami nimemwambia hivyo bila ya kuficha. Hapa kwetu Kenya jambo ni zito zaidi, kwani sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila ya kibali. Basi vijana wa Mombasa na Malindi wasije wakaifanya makala hii kuwa fatwa ya kununulia.

Lakini kosa la kununua halimshibishi aliyenunuliwa. Katika mlango wa nafaka, fakihi huyo huyo amesema kuwa mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha. Na akikataa, kwa mnyama asiyeliwa hulazimishwa mojawapo ya mawili: amlishe au amuuze. Na nyoka, kama tulivyotangulia kusema, hauziki. Basi limebaki moja, ila apatikane mtu mwenye ujuzi wa kupokea amana hiyo bila ya bei. Na sote twaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhi. Hadithi ile inataja njia mbili za kuokoka. Chatu wa Leicester njia ya pili hana. Nchi yake iko mbali, na ardhi ya nje ya mlango ule ni kaburi lake. Aliyemfungia mlango wa riziki ndiye aliyegeuka kuwa mlango wenyewe.

Jambo moja limenishughulisha zaidi kuliko fiqhi. Paka hukujia miguuni, farasi hukujua mwendo, hata kuku hukimbilia sauti ya anayemmwagia mtama. Ukiwatendea wema wanakulipa kidogo kidogo. Nyoka hana malipo hayo. Miaka yote utakayompa joto na chakula, hapana dalili kuwa amekupenda. Zaidi ya yote atakuzoea asikuogope. Na wema wa kwanza anaoutaka kwako ni kuuzuia mkono wako. Nilijiuliza ni mambo mangapi ninayoyaita huruma ambayo kwa hakika ni kupenda kushukuriwa, na sikupata raha katika jawabu. Kijana ameandika kuwa yule chatu jike alikataa kula wiki tano za mwanzo, naye alikuwa akiamka usiku kutazama kipimajoto, akikaa gizani asimtishe. Baba yake alipofika hapo alisema kwa hasira: "Mimi nikiugua haniamkii." Nikamwambia: "Bwana, kijana yuko Leicester, wewe uko Bungoma. Hujampa nafasi." Akanyamaza, na mimi nikajua kuwa nimesema kwa ukali kuliko ilivyopasa.

Usiku ule tukaketi kuandika jawabu jipya. Nilisema: jawabu la kwanza nimelirejea. Usimuue wala usimtupe. Usinunue wa pili, wala usimzalishe. Tafuta mtu au taasisi yenye ujuzi itakayompokea bure, na mpaka ipatikane, mlishe na umhifadhi, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 nayo imekuwajibisha hayo hayo. Kifuniko kifungwe kila usiku, jirani asitishwe. Na kiapo cha baba yako juu ya ada kina kafara, nami nimemweleza.

Nikamuuliza baba kama ana lake la kuongeza. Alifikiri sana, akaishika simu, akairudisha mezani. Mama wa kijana alikuwa amesimama nyuma ya pazia, akasikia kimya kile. "Mwandikieni," akasema, "wiki hizo tano nyoka hakula. Je, yeye alikula?"

Baba akaandika hayo kwa mkono wake.