Alasiri ya Berlin: Je, Mtihani ni Udhuru wa Kujumuisha Sala?

Kuingia kwa wakati ni sharti la kusihi kwa sala ya faradhi, na wakati huo asili yake ni jua. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiondoa kile kivuli kilichokuwapo jua lilipopinduka. Magharibi huingia jua linapokuchwa. Pwani ya Afrika Mashariki vipimo hivi havimtaabishi mtu: Unguja adhana ya magharibi husikika karibu na saa 12 unusu jioni, na mwaka mzima hupishana kwa nusu saa hivi tu.

Ujerumani hesabu ni nyingine. Mjini Berlin, tarehe 21 Desemba, fimbo ya mita 1 iliyosimamishwa wima hutupa kivuli cha mita 4 jua likiwa juu kabisa. Adhuhuri huingia kama saa 6:05 mchana, alasiri kabla ya saa 8, na kabla ya saa 10 jua limeshakuchwa. Ifikapo tarehe 10 Februari siku imerefuka kidogo: adhuhuri saa 6:20, alasiri karibu saa 8:40, magharibi karibu saa 11:10 jioni.

Februari ndiyo pia wakati wa mitihani. Muhula wa baridi wa vyuo vikuu huanza tarehe 1 Oktoba na kwisha 31 Machi. Masomo hufungwa Februari, na mitihani hufuata. Katika programu nyingi mtihani mmoja hauruhusiwi kurudiwa zaidi ya mara mbili, na anayeanguka mara ya tatu huondolewa katika fani hiyo. Hapo ndipo swali linapozuka: je, mtihani ni udhuru wa kujumuisha sala mbili katika wakati mmoja?

Wanazuoni hawakujibu kwa sauti moja. Kwa Mashafi, sababu mashuhuri ni safari, na mvua kwa wanaoswali jamaa msikitini; mtihani haumo. Mahanafi, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa Ujerumani wenye asili ya Uturuki, hawajumuishi ila Arafa na Muzdalifa wakati wa hija. Mahanbali wamepanua mlango, wakaingiza ugonjwa na dhiki nyingine. Katika Sahihi Muslim imo pia riwaya ya Ibn Abbas kwamba Mtume alijumuisha sala akiwa Madina pasipo hofu wala mvua, ili asiutaabishe umma wake. Baadhi ya wanazuoni wameitumia kuruhusu jambo hilo panapo haja, mradi lisigeuke mazoea.

Kwa anayeshika rai hiyo, mzigo wote umeangukia neno moja: haja. Hofu ya mtihani si haja, kwani hofu haimzuii mtu kusimama dakika chache. Haja hupimwa kwa saa. Mtihani wa dakika 90 unaoanza saa 8 mchana wa Februari huisha saa 9:30. Alasiri imeingia katikati yake, lakini imebakiwa na zaidi ya saa moja na nusu. Hapo hakuna haja yoyote. Mtihani wa muda wa saa 4, kuanzia saa 7 mchana hadi saa 11 jioni, huimeza alasiri karibu yote, na dakika 10 zilizobaki huliwa na kukusanya karatasi na foleni ya mlangoni. Hapo haja ni ya kweli, na alasiri inaweza kutangulizwa pamoja na adhuhuri kabla ya kuingia chumbani.

Sheria yenyewe haikuacha baridi bila wepesi. Aliyevaa khofu, yaani soksi za ngozi, baada ya kutia udhu kamili, naye si msafiri, hupangusa juu yake kwa mchana na usiku mmoja, bila kuinua mguu kwenye sinki la chuo. Ruhusa hii haigombaniwi na madhehebu hayo matatu, na ina mipaka inayojulikana: khofu ya namna gani, kwa muda gani.

Ruhusa ya kujumuisha nayo yataka mipaka kama hiyo. Ratiba ya mitihani hutangazwa mapema, na nyakati za sala za mwaka mzima hujulikana. Anayezilinganisha mbili hizo atakuta kwamba siku za haja ni chache mno, na nyingine zote sala ina nafasi yake.