Mlinzi Aliyechora Watu

Somo: Mwanzo 16:1–14



Alfajiri ya Jumatatu nilikuwa Nangurukuru nikisubiri gari la kwenda Lindi. Karibu yangu mama mmoja alikuwa akimsindikiza mwanawe anayekwenda Dar es Salaam. Kijana alikuwa na begi moja na mfuko wa korosho. Mama hakusema mengi. Alimfunga kifungo cha shati, akakifungua, akakifunga tena, macho yake hayabanduki usoni pa mwanawe.

Kijana huyo akifika Kariakoo na kuanza kuuza mitaani, ataitwa machinga. Jina hilo limetoka kwetu. Wamachinga ni watu wa pwani hii ya Lindi. Vijana wa kusini walipokwenda kuchuuza Dar es Salaam, jina la kabila likawa jina la kila mchuuzi. Siku hizi mpita njia husema "machinga" na asimwone Hamisi wala Yohana.

Nikiwawaza vijana hao, nawaza pia habari za msanii George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini huku mwaka 1934. Alianza kwa kuchonga. Miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, akapata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa ulinzi.

Mlinzi hulipwa ili atazame, lakini ni wangapi humtazama yeye? Lilanga alitazama kwelikweli. Baadaye alichora kwa rangi kali viumbe wa masimulizi ya Kimakonde wanaoitwa mashetani, wenye masikio makubwa, midomo mipana na matumbo yaliyotangulia mbele, wakifanya mambo yetu ya kila siku. Wamebanana ubao mzima, mkono wa huyu begani kwa yule, hata huoni nafasi ya mtu kuachwa peke yake. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington, na hadi anafariki mwaka 2005 alikuwa anajulikana duniani. Wapo Wakristo wanaoshtushwa na neno hilo mashetani. Mimi nikizitazama picha zile nawaona majirani zangu.

Sasa tumtazame Hajiri wa somo letu, Mmisri aliyeishi ugenini. Katika sura hii, Abramu na Sarai kila wanapomtaja humwita mjakazi tu. Wa kwanza kulitamka jina lake ni malaika wa Bwana, penye chemchemi jangwani. Naye Hajiri, aliyezoea kutumwa bila kutazamwa, akampa Mungu jina: Mungu anayeona.

Ndugu zangu, sisi tunaoumia watoto wetu wakiitwa machinga, nasi tuna watu tusiowajua kwa majina. Wafugaji walioingia Kilwa na Lindi na mifugo yao baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wetu tunawaita "wale wa ng'ombe". Shamba lililoliwa ni maumivu ya kweli, na haki lazima itafutwe. Lakini tutasuluhishana vipi na mtu ambaye hata jina lake hatujawahi kumuuliza?

Wiki hii naomba mambo mawili. Mtafute mgeni mmoja, mnadani, kisimani au sokoni, umuulize jina, na mkikutana tena umwite kwa jina hilo. Na mwenye mtoto mjini ampigie simu; kabla ya kuuliza habari za fedha, amuulize amelala wapi na amekula nini.

Tuombe: Ee Mungu unayeona, uliyemwita Hajiri kwa jina lake, watazame watoto wetu walio mitaani Kariakoo, na wageni walio kwetu. Utupe macho ya yule mama wa Nangurukuru, tuwatazame watu wako bila haraka. Amina.