Oili Iliyopanda Bila Kuongezwa

Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu alikuwa na pikapu ya dizeli iliyobeba mizigo kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini. Alikuwa na dereva makini, kijana aliyezoea kuchomoa stiki ya oili kila alfajiri kabla ya kuwasha gari. Siku moja kijana aliona oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, ilhali hakuna aliyeiongeza. Akaifuta stiki, akaichovya tena, ikasoma palepale. Oili ilichuruzika upesi kwenye ncha ya stiki, nyepesi kuliko kawaida yake, na ilinuka dizeli.

Akampigia simu tajiri wake. "Bosi, oili imepanda."

"Imepanda? Wenzetu magari yao yanakula oili, wewe unalalamika letu limeshiba? Pakia mzigo, soko halingoji."

Kijana hakuridhika, akapitia gereji ya jirani. Fundi akalegeza nati ya sampu, akamwaga oili kidogo mpaka ikarudi kati ya alama mbili, akasema kazi imekwisha. Hakuinusa, wala hakuuliza ilikotoka. Stiki ikasoma vizuri, na hapo ndipo walipoponzeka wote, kwa sababu stiki hupima wingi wa oili, haipimi uzima wake.

Siku zilizofuata, injini ikishapata moto, taa nyekundu ya oili ilianza kupepesa kila gari liliposimama huku linanguruma. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, taa inazima, na safari inaendelea. Mpaka siku lilipoupanda Mlima Kitonga na shehena kamili, kwa gia nzito, kona baada ya kona. Katikati ya mlima taa ikawaka na haikuzima tena, kisha chini ya injini ukasikika mlio wa chuma kugonga chuma. Dereva aliegesha na kuzima mara moja, lakini alikuwa amechelewa. Injini ilikuwa imenoki.

Ilipofunguliwa, beringi za konrodi zilikuwa zimelika hadi rangi ya shaba ikaonekana, na kranki ilikuwa na mikwaruzo inayonasa ukucha. Chanzo kilikuwa sili ya mpira ya mbele ya pampu ya nozeli. Katika injini ambayo pampu yake huzungushwa na gia, shafti ya pampu huingia moja kwa moja kwenye chumba cha gia. Upande mmoja wa sili kuna dizeli, upande wa pili kuna oili. Sili ikikauka na kukakamaa, dizeli hupenya tone kwa tone na kushuka kwenye sampu. Nje ya injini huoni hata unyevu.

Madhara yake yanaeleweka ukijua kazi ya oili. Injini ikiwa nzima, kranki haigusani na beringi. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ya daraja la 40, kwenye joto la nyuzi 100, haitakiwi kuwa na mnato chini ya sentistoki 12.5. Dizeli, hata kwenye nyuzi 40 tu, ina takriban 2 hadi 4.5. Ukizichanganya, utando unadhoofika, na mzigo wa mlimani unaukata. Maabara za kupima oili kwa kawaida huanza kuonya pale dizeli inapofika asilimia 2 hadi 5 ya oili. Kwa sampu ya lita 6, asilimia 5 ni mililita 300, ujazo wa soda ya chupa moja.

Wapo wanaojipa moyo kwamba dizeli itakauka injini ikipata moto. Petroli huweza kuvukizwa kwa sehemu, lakini dizeli sivyo. Sehemu kubwa yake huchemka kati ya nyuzi 180 na 360, na oili ya kwenye sampu kwa kawaida huzunguka nyuzi 100 tu. Dizeli iliyoingia itabaki humo mpaka imwagwe.

Fundi yule angeweza kuugundua ugonjwa bila mashine yoyote. Kwanza, gari lipimwe likiwa limepoa, mahali tambarare, na kiwango kiandikwe siku kwa siku. Pili, oili inuswe na ipikichwe kati ya vidole. Tatu, ajiridhishe kwamba si maji: maji ya rejeta yakiingia, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa na maji hupungua kwenye rejeta, lakini dizeli huiacha oili nyeusi vilevile. Nne, adondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, na tone la oili mpya pembeni yake, ayaache usiku kucha. Masizi hubaki katikati. Dizeli husambaa mbali na kuacha duara hafifu la mafuta kuzunguka doa. Akibaki na shaka, maabara itampa jibu.

Kisha atafute mlango dizeli inakopitia. Si sili ya pampu peke yake. Nozeli inayochuruzika humwaga dizeli isiyoungua ikapita kwenye ringi za pistoni. Dalili zake ni moshi mweupe asubuhi na mlio usiolingana. Injini za Land Rover TD5 zina nozeli zilizokaa ndani ya silinda hedi, chini ya tapeti kava, na oringi zake zikichoka dizeli huteremkia kwenye oili. Magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi nayo huingiza dizeli ya ziada ili kulichoma chujio, na safari fupi fupi za mjini hukatiza kazi hiyo kabla haijaisha. Mlango ukishazibwa, ndipo oili yote imwagwe na filta ibadilishwe. Kupunguza iliyozidi ni kuificha dalili.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Oili ikizidi sana, injini inaweza kuivuta kupitia bomba la hewa na kuiunguza kama mafuta, ikajizungusha yenyewe kwa kasi hata ukizima swichi. Dereva wa gari la gia za mkono akanyage breki, aweke gia ya juu kabisa na kuachia klachi ili izimike. Asijaribu kuziba bomba la hewa kwa mkono.

Funzo ni hili: oili haizai. Ikipungua, imekwenda mahali. Ikiongezeka, kuna kitu kimeingia, na mgeni huyo ni wa kuogopwa kuliko upungufu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Tajiri, dereva wako akikwambia oili imepanda, muulize inanuka nini, kisha mruhusu alilaze gari. Nawe dereva, ukibezwa, usiwashe. Mpelekee tajiri stiki ainuse mwenyewe. Gari likilala gereji siku moja, hasara ni ya siku moja. Injini ikinoki, inakula mtaji wote.