Maji ya Kikatiti na Samaki wa Siku Tano

Mimi nikicheka nafunika mdomo. Ni mazoea ya zamani, na wengi tuliokulia Kikatiti, Maji ya Chai na vijiji vya jirani chini ya Mlima Meru tunayo. Meno yetu ni ya kahawia. Wengine yana madoa tu, wengine yamemeguka kingo kama kikombe cha udongo. Nilipofika chuoni Dar es Salaam, kijana niliyekaa naye benchi moja aliniuliza, "Wewe wa Arusha, eh?" kabla sijamwambia hata jina langu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameshasoma kitambulisho changu mdomoni.

Chanzo chake kinajulikana: floraidi. Meru ni mlima wa volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake yanabeba madini hayo mpaka kwenye chemchemi, mito na visima vyetu. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu kuna vyanzo vinavyovuka 10. Haina rangi wala ladha, kwa hiyo ulimi haukuonyi. Inamshika mtoto wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya ufizi, tangu utotoni mpaka karibu miaka minane. Akishaota nayo, ndiyo hayo. Ikizidi sana na kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa. Mtoto wa baba mkubwa ana matege ambayo hakuna mtu nyumbani anayeyazungumzia.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya samaki.

Rafiki yangu mmoja, dada tuliyesoma naye sekondari, yuko Ujerumani anafanya shahada ya uzamivu ya baiolojia. Mwaka jana alinipigia simu ya video akiwa maabara, akanizungushia kamera. Rafu kwa rafu za matangi madogo ya plastiki, na ndani yake visamaki vya urefu wa kama sentimita nne, vyenye michirizi ya buluu ubavuni kama pundamilia. Jina lake la kisayansi ni Danio rerio. Kwao ni mito na mashamba ya mpunga ya India, Nepal na Bangladesh, lakini leo danio anaishi katika maelfu ya maabara. Aliyemfungulia mlango ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyechapisha utafiti wake maarufu juu yake mwaka 1981.

Sababu za kumpenda ni rahisi. Jike moja linaweza kutaga mayai 200 au zaidi kwa mara moja. Mayai yanakua nje ya mwili wa mama, na kiinitete chake ni cheupe kama kioo: unaweka chini ya hadubini unaona moyo ukianza kupiga siku moja tu baada ya yai kurutubishwa. Halafu kuna udugu. Ramani kamili ya jeni zake ilipochapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba takribani asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenzake kwenye danio. Kwa hiyo ukitaka kujua sumu fulani inafanya nini kwa kiumbe kinachokua, unaitia kwenye maji yake unasubiri.

"Hata floraidi?" nikamuuliza.

"Hata floraidi. Wachina wamefanya, Wahindi wamefanya."

Hapo ndipo akaniambia jambo ambalo limenikosesha usingizi zaidi ya siku moja. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inayolinda wanyama wa maabara inaanza kumhesabu samaki pale anapoanza kujitafutia chakula mwenyewe. Kwa danio, hiyo ni kama siku ya tano. Kabla ya hapo anaishi kwa kiini cha yai alichozaliwa nacho, na kisheria si mnyama wa majaribio. Baada ya hapo lazima uwe na kibali, ueleze kwa nini unamhitaji, wangapi, utawapunguziaje maumivu, na kama huwezi kupata jibu lako kwa njia nyingine. Mawazo hayo hayakuanza jana. Waingereza wawili, Russell na Burch, waliyaandika mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine ukiweza, punguza idadi, punguza mateso.

Nitakuwa mkweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni wivu. Wivu kwa samaki! Nikawaza: huyu ana siku tano za kutokuwa na mwenyewe, halafu analindwa. Sisi tulikuwa na miaka minane.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 Tanzania iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini, na kwa floraidi iliruhusu mpaka miligramu 8 kwa lita. Baadaye ikawa 4. Leo kiwango cha taifa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Ni rahisi kukasirika ukiona ile 8. Mimi nilikasirika. Lakini jiweke kwenye kiti cha mtu wa idara ya maji mwaka ule. Ukiandika 1.5, unafunga visima vya nusu ya ukanda huu, na watu wanarudi kwenye madimbwi na mifereji, kwenye kuhara na kipindupindu. Meno ya kahawia hayaui mtoto, kuhara kunaua. Ile namba 8 haikuwa upumbavu. Ilikuwa mizani, na kila mizani ina upande uliobebeshwa.

Sasa, mtafiti wa danio naye ana mizani. Anasema: visamaki hivi vitaumia ili watoto fulani wasiumie. Wapo wasiokubali hesabu hiyo kabisa, na siwacheki. Mwaka 2003 watafiti wa Scotland, akiwemo Lynne Sneddon, waliwachoma trauti sumu ya nyuki na asidi kwenye midomo. Samaki wale waliacha kula, wakawa wanasugua midomo kwenye changarawe. Mtu aliyekulia kijiji ambacho samaki ni kitu cha kukaangwa anaweza kuliona hilo ni jambo dogo. Mimi baada ya kulisoma sikuweza kuliona dogo tena.

Hata hivyo nilimuuliza dada yule swali ambalo nilidhani litamshinda: mnatafuta nini kwa samaki wakati jibu liko midomoni mwetu? Njoo Kikatiti, simama kituo cha daladala, sema watu watabasamu.

Halikumshinda. Akasema, meno tunajua. Hatujui vizuri kwa nini ndugu wawili wanakunywa ndoo moja, mmoja anaharibika sana mwingine kidogo. Kuhusu ubongo bado watu wanabishana. "Na hayo, kaka, huwezi kuyajua kwa kumtilia mtoto floraidi kwenye uji." Hapo alinishika. Tena akaniongezea kitu ambacho hakikumsaidia upande wake, na nilimheshimu kwa hilo: danio hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni, na yanabadilika maisha yake yote. Likichakaa hili linaota lingine. Yaani kwa jambo lile lile lililotutia alama sisi, yeye si mfano mzuri.

Kwa muda nilitaka kuandika kwamba sisi wa Kikatiti tulifanywa samaki wa maabara. Sentensi nzuri kwa mwandishi wa habari, lakini si kweli. Samaki wa maabara ametumiwa: kuna mtu alimtaka, akampa namba, akamwangalia kila asubuhi, akaandika kilichompata. Kant alifundisha kwamba mtu asifanywe chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na tangu hapo maadili ya utafiti yamejengwa kumlinda kiumbe asitumiwe vibaya. Sisi hakuna aliyetutumia. Hakuna lengo tulilotumikia. Ile mizani ya 1974 ilipopimwa, upande uliobebeshwa haukurudiwa kutazamwa kwa miaka mingi, na hakuna kamati ya maadili ya watu waliosahaulika. Samaki anayeumia ana daftari. Sijui kama hilo linafanya kuumia kwake kuwe chepesi, ila najua nani anaweza kudai.

Watu waliotazama wapo, wasije wakaonewa. Pale Ngurdoto, karibu na Usa River, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na kazi yake kubwa imekuwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa moto mkali, inapondwa, maji yanapitishwa humo. Inanasa floraidi kwa sababu ile ile inayofanya floraidi ipende mifupa yetu. Yule ng'ombe alishaliwa tayari. Hakuna aliyechinjwa kwa ajili ya chujio. Na hapo Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Kwa hiyo kitu kinachokosekana huku si maarifa, na naona hapo ndipo jaribio lolote jipya juu ya kiumbe chochote linapaswa kuulizwa swali gumu: jibu likipatikana, nani atapanda gari kulileta?

Nilimsimulia mama habari za wale samaki Desemba iliyopita, nilipopanda likizo. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, siku tano na kibali na kila kitu, kisha akauliza:

"Hao samaki wanakaa kwenye maji gani?"

Nikamweleza nilivyoambiwa. Maji yanachujwa kwenye mtambo mpaka yanabaki matupu, halafu yanarudishiwa chumvi kwa kipimo. Joto linapimwa kila siku. Kichujio kikichoka kinabadilishwa.

"Anabadilisha nani?"

"Kuna mtu wa zamu, mama. Hata Krismasi."

Akanyamaza kidogo, akageukia ile ndoo ya chujio la mifupa iliyo pembeni ya mlango, aliyopewa na mradi mmoja miaka kadhaa nyuma. Akasema mkaa wake umechoka tangu mwaka juzi, na ile namba ya simu iliyoandikwa ubavuni haipatikani.