Jina la Kabila Mbele ya Sheria

Mwaka 1998, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda waliokaa Arusha walilazimika kujibu swali ambalo vizuizi vya barabarani nchini Rwanda vilikuwa vimelijibu kwa dakika chache tu miaka minne kabla: Mtutsi ni nani? Mshitakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani wa Taba. Mkataba wa mwaka 1948 kuhusu mauaji ya kimbari unataja makundi ya aina nne: taifa, kabila, rangi na dini. Majaji walipoanza kupima, hakuna kipimo kilichokaa sawa. Mhutu na Mtutsi wanazungumza Kinyarwanda kile kile, wanasali makanisa yale yale, wanaishi kilima kimoja, wanaoana. Kwa fasili waliyokuwa nayo mezani, ya watu wenye lugha na utamaduni wao, yalikuwa wapi makabila mawili? Na pasipo kundi hapana mauaji ya kimbari. Yanabaki mauaji tu, hata yawe mengi kiasi gani.

Miongoni mwa mambo waliyoegemea ni kitambulisho. Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu miaka ya 1930, na mtoto akawa anarithi la baba yake. Sheria ikayagandisha maneno ambayo zamani yaliweza kuhama, kwa ng'ombe, kwa cheo, kwa ndoa. Mwaka 1994 karatasi hiyo ilimwonyesha muuaji pa kupiga. Mwaka 1998 karatasi hiyo hiyo ikamsaidia hakimu kueleza nani aliyepigwa, na Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Sioni namna ya kulikwepa jambo hili. Haki kwa waliouawa inahitaji jina walilouawa kwalo. Ukisema tu kwamba watu waliuawa, umewaibia sababu ya kifo chao, na umempunguzia muuaji kosa lake. Lakini waliobaki hai wanapaswa kuishi kilima kimoja na watoto wa waliowaua, na jina lile lile ndilo linalowarudisha kwenye kizuizi cha barabarani. Serikali inayotaka haki na maridhiano kwa pamoja inalihitaji jina asubuhi na inaliogopa jioni.

Rwanda imeamua kulifuta. Kabila liliondolewa kwenye vitambulisho baada ya 1994, na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, iliyoandikwa upya baadaye, ikiwamo mwaka 2018, inamfikisha mtu kizimbani kwa matamshi. Hata hivyo, kati ya mwaka 2005 na 2012 nchi nzima ilikaa ikilitamka jina hilo hilo. Mahakama za kijamii za gacaca zaidi ya 12,000 zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Magereza yalikuwa yamefurika watu wapatao 120,000, na mahakama za kawaida zisingewamaliza katika uhai wao. Mahakimu walikuwa majirani waliochaguliwa kwa uadilifu wao, inyangamugayo, wengi wao bila elimu ya sheria. Mshitakiwa aliyekiri na kuonyesha ilipotupwa miili alipunguziwa adhabu. Walioshangaa kwamba ungamo limefanywa bidhaa wana hoja, ila wamwulize mama aliyeoneshwa hatimaye lilipo shimo la mwanawe kama angeona afadhali kukaa bila kujua.

Kinachonisumbua kwenye gacaca ni kingine. Mashitaka dhidi ya askari wa RPF, waasi walioshika madaraka mwaka 1994, hayakuletwa pale. Kusema hivi si kuweka vifo viwili kwenye mizani moja. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalikuwa dhidi ya Watutsi, na anayejaribu kuyageuza kuwa ugomvi wa pande mbili anadanganya. Lakini mjane wa Kihutu aliyepotelewa na mumewe kwa mkono wa askari hakuwa na baraza la kwenda, na baadaye akaambiwa kwamba kabila halipo tena. Kwake yeye, jina lilifutwa kabla hajapata nafasi ya kulitumia.

Burundi, yenye watu wale wale kwa majina na lugha iliyo ndugu, imechukua njia ya pili, nayo ilitiwa saini Arusha hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akayapokea, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Katiba ya mwaka 2005 ikahesabu waziwazi: Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40 katika Bunge, nusu kwa nusu katika Seneti, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Kwenye orodha za wagombea, kati ya majina matatu yanayofuatana, yasizidi mawili ya kabila moja. (Watwa, kundi la tatu na dogo kuliko yote, walipewa viti vitatu katika kila chumba, na mjadala wote ukaendelea kupita juu ya vichwa vyao, kama kawaida.)

Ungetarajia kwamba kuhesabu kungelikaza jina. Ushahidi wa upande huo upo, tena hapa kwetu Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi wa Kihutu waliokimbia mauaji ya 1972 nchini Burundi. Wale waliokusanywa kambini Mishamo walikuwa wameijenga historia ndefu ya Uhutu wao, yenye mwanzo, anguko na ahadi ya kurudi. Wenzao waliojichanganya mjini Kigoma walikuwa wameliacha jina likapotelea sokoni na kwenye ndoa, wakijitambulisha leo hivi, kesho vile. Hawakukatazwa kuwa Wahutu. Jina lilikuwa limekosa kazi tu.

Mwaka 2015, hata hivyo, Burundi ilipoingia tena katika machafuko, jaribio la mapinduzi dhidi ya Rais Nkurunziza, aliyekuwa Dar es Salaam siku hiyo, liliongozwa na Jenerali Godefroid Niyombare, Mhutu aliyetoka kundi lile lile la waasi alilotoka Nkurunziza. Damu ilimwagika, maelfu wakakimbia, lakini mstari wa mgawanyiko haukufuata kabila kama ulivyofuata mwaka 1993, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Nadhani asilimia zile zilifanya kazi yake kimya kimya: Mtutsi aliyejua kwamba nafasi yake imeandikwa ndani ya Katiba aliweza kujiunga na chama chenye Wahutu wengi, au kukipinga, kwa sababu zisizohusu ukoo wake. Kati ya njia mbili, hii naiona yenye ukweli zaidi, kwa kuwa haimwambii mtu mwenye hofu kwamba hofu yake haina jina.

Ila mgawo ni ahadi kuhusu nguvu, na nguvu haikai kwenye asilimia peke yake. Chini ya Katiba ya 2005 sheria zilihitaji theluthi mbili za kura. Wenye asilimia 40 wakiungana wangeweza kusema hapana, na hapana yao ikazuia. Katiba ya 2018 iliacha 60 na 40 mahali pake, ikashusha kiwango hicho hadi zaidi ya nusu kwa sheria za kawaida. Viti havikupungua hata kimoja, lakini sasa wenye viti hivyo wanaweza kushindwa kwa kura kila siku ya wiki. Katiba hiyo hiyo iliipa Seneti miaka mitano kutathmini kama mgawo wa kikabila uendelee au ukomeshwe. Kati ya vyombo vyote vya dola, kazi hiyo ilipewa kimoja ambacho Wahutu na Watutsi wanakaa nusu kwa nusu, yaani mahali ambapo wachache hawawezi kuondolewa ulinzi wao na wengi peke yao. Sijui aliyeandika ibara hiyo alikusudia hilo au la, lakini kama mgawo utakufa siku moja, napenda ufe kwa kura za wale uliowalinda.