Simu Mbili, Chumba Namba Saba

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kwenye kazi hii ni rangi. Nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukichanganya mpangilio, waya haupitishi kitu na mteja anakuangalia kama mwizi. Nilijifunzia hapa Nchiru, kwenye hosteli za watu binafsi zinazozunguka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, nikimfuata fundi mmoja aliyekuwa na ngazi yake mwenyewe. Kwa kazi hii ngazi ndiyo mtaji, hayo mengine unaazima.

Mambo ya ndani yalikuja polepole. Kwamba waya wa shaba usizidi mita 100 kabla hujaweka swichi. Kwamba ruta hugawia kila kifaa anwani, kama karani wa hosteli anavyogawa vitanda. Kwamba ukifungua tovuti, ujumbe wako hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti huandikwa inakotoka na inakoenda. Ruta husoma anwani tu. Kilichomo ndani, kwa tovuti nyingi siku hizi, kimefungwa kwa msimbo, hata mimi niliye juu ya ngazi sikioni.

Hilo lilinipendeza mno. Nilijiona kama kondakta wa matatu anayepewa kifurushi Meru mjini akifikishe Maua: anasoma jina na namba ya simu, hafungui. Nikadhani maadili ya kazi yetu yanaishia hapo. Usifungue, basi.

Halafu kuna siku mzee mwenye ploti fulani aliniita. Tulikuwa tumemwekea waifai ya vocha, kila chumba na vocha yake.

"Kijana wangu, hii mashine si inaonyesha nani yuko wapi?"

"Inaonyesha vifaa, mzee."

"Sawa. Chumba namba saba, usiku wa jana?"

Nikafungua laptop. Sijui kama nitaeleza vizuri ile raha niliyosikia. Miezi kadhaa nimekuwa mtu wa kushikilia ngazi, leo mzee wa heshima ananiuliza kitu ambacho ni mimi tu ninayeweza kukijibu. "Simu mbili, mzee. Ya pili imeingia saa nne usiku, imetoka saa kumi na mbili asubuhi."

Akanishukuru na kunitumia pesa ya chai kwa M-Pesa.

Wiki hiyohiyo nilipita pale kubadilisha adapta iliyoungua. Godoro lilikuwa limesimamishwa kwenye korido, beseni na jiko la gesi kando yake, mwezi ukiwa katikati na mitihani iko karibu. Msichana wa chumba cha saba alikuwa anafunga begi. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Fundi, ni wewe ulimwambia?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa waya tu.

Kwa hiyo mzee sikumdanganya. Niliyemdanganya ni yule msichana. Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni lile jibu la kweli.

Maana nilimwambia mzee "simu mbili", naye akasikia "mwanamume". Mimi nilijua tofauti, ndiyo kazi niliyosomea. Ruta huona vifaa, haioni watu. Simu ya pili ingeweza kuwa ya kuazima, ya dada mtu, au ni ileile moja: simu za sasa huweza kuficha namba yao halisi ya kifaa na kujitambulisha kwa namba nyingine, ukibadilisha tu mpangilio, hivyo kifaa kimoja kikaonekana viwili. Hilo lote ningelisema kwa nusu dakika. Sikulisema, kwa sababu lingepunguza utamu wa jibu langu. Na tuseme ndiyo, alikuwa mwanamume. Bado sioni ni vipi lilikuwa jambo la mimi kupeleka.

Fundi wangu aliponisikia alicheka. "Wewe nawe! Waifai ni ya nani? Aliyelipa ndiye mwenye habari. Na sheria ya ploti inasema hakuna wageni wa kulala." Ni hoja nzito, siidharau. Mzee hakuiba kitu, mashine ni yake. Ila msichana aliponunua vocha alinunua intaneti. Hakununua mlinzi wa kuhesabu anaoingia. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inazungumzia faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza habari iliyokusanywa kwa kazi moja kugeuzwa ikafanye kazi nyingine isiyolingana na ile ya kwanza. Lakini nani huisoma sheria akiwa juu ya ngazi? Pale juu uko wewe, mzee chini anakungoja, na mkono wako uko kwenye kitufe.

Hata mfano wangu wa kondakta umeharibika. Kondakta asiyefungua kifurushi bado anajua ni nani humtumia nani kila Ijumaa. Akianza kulisema hilo stejini, anaweza kuvunja nyumba ya mtu na gundi haijaguswa.

Siku hizi naruhusu vifaa vingi kwa kila vocha, na kumbukumbu nazifuta kila baada ya siku moja. Ya leo naiacha, maana bila hiyo huwezi kujua hitilafu iko wapi. Mwezi uliopita mwenye ploti mwingine aliniuliza, "Umeniwekea ile ya kuona nani anaingia?" Nikamwambia hapana, mzee, hiyo siweki. Hakukasirika. Alinilipa ya waya na kumpigia simu fundi mwingine nikiwa bado nafunga ngazi kwenye bodaboda.

Huyo fundi namfahamu. Rangi nane nilimfundisha mimi, kwa siku moja.